Yule mama wa kitenge cha bluu pale mahakamani Mtwara, asante

Sikukuuliza hata jina mama angu ndo maana naandika hapa. Mdogo wangu alichoma banda la korosho la jirani huko Nanyamba, dawa zake za ugonjwa wa akili alishaacha kitambo, anaongea na watu tusiowaona, kizimbani anaimba tu, watu wanacheka eti bangi hiyo. We ulikuja na kesi yako, ukanivuta koridoni ukauliza, ana kadi ya kliniki? Ukanikalisha kwenye benchi ukachana karatasi ya daftari ukaandika alianza kuumwa lini, dawa gani, nani anamjua, alafu ukanipeleka mwenyewe kwa karani ukamwambia huyu mgonjwa, hakimu ajue. Kadi ililowa na mvua, imeungwa na selotepu, ila ilisomeka. Hakimu akaamuru apelekwe Isanga, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, akapimwe akili. Na ulinipa ukweli, kesi haifutwi, inasimama mpaka apate nafuu aelewe anashtakiwa nini. Bora hivyo kuliko wale waliokuwa wananiomba hela "waimalize". Tumeenda kumwona, kanitambua, kauliza habari za mama. Mnaoshinda mahakamani, mkiona ndugu anababaika na mgonjwa, muulizeni tu hiyo kadi.