Kwa Rukia, kuhusu yale malengelenge

Majengo, Pumwani
Nairobi

Rukia wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi ya Julai imetushika na dukani ni dawa za kikohozi kutwa nzima. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza hadi mwisho nikaurudia. Nimeona si wa kujibiwa kwa simu huku nikipima dawa za watu, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Unasema tangu ufike Doha hujakaribiana na mwanamume, na sasa daktari wa huko kakwambia una herpesi ya sehemu za siri. Umemweleza Baba Amina, naye kakujibu kwamba kumbe ndiyo kazi uliyoendea. Maneno hayo yamenichoma, ingawa najua yametoka wapi. Mtu akiona kidonda leo hudhani ugonjwa umeingia juzi. Virusi hivi haviendi hivyo, na nataka ujue vinavyokwenda ili ukizungumza na mumeo usiwe unajitetea kwa machozi matupu.

Huingia penye ngozi laini au mkwaruzo usioonekana, vikazaana hapo. Wengi siku hizo hawaoni kitu, au hupata kijiwasho wakasingizia wembe au sabuni. Lakini ngozi imejaa ncha za neva, na virusi hupenya ndani yake. Neva ina njia zake za ndani na protini ambazo kazi yake ni kukokota mizigo kutoka nchani hadi kwenye kiini cha seli. Virusi hujipachika kwenye protini hizo vikabebwa bure mpaka kwenye fundo la neva, yaani pale viini hivyo vilipokusanyika. Vikiingilia mdomoni, fundo hilo liko ndani ya fuvu, usawa wa sikio. Vikiingilia huko chini, liko mwisho wa uti wa mgongo, karibu na kitokono.

Vikiwa kwenye ngozi, virusi huilazimisha seli itengeneze virusi vingine mpaka seli yenyewe ife. Kwenye neva hunyamaza. Uzi wa jeni zake huingia ndani ya kiini, ukajifunga kama pete, ukazongwa na protini za seli yako mpaka karibu jeni zote zikazimika. Haujishoni kwenye jeni zako kama vifanyavyo VVU; hukaa kando tu. Na kwa kuwa protini za virusi hazitengenezwi, kinga ya mwili haina cha kukamata. Ni mpangaji mwenye madeni aliyesikia keateka akigonga mlango: taa kazima, redio kazima, hata kukohoa hakohoi. Tena seli za neva hazibadilishwi kila mara kama za ngozi, kwa hiyo akishaingia humo ameingia maisha.

Usidhani haya ni ya kubuni. Mwaka 1971 huko Marekani, watafiti Jack Stevens na Margery Cook waliwaambukiza panya kwenye nyayo, wakangoja mpaka waliosalia wakapona kabisa. Kisha wakachukua mafundo ya neva yaliyo karibu na uti wa mgongo. Walipoyasaga wakatafuta virusi, hawakupata hata kimoja. Walipoyatunza yakiwa hai maabarani, baada ya siku kadhaa virusi vikaanza kutoka humo humo. Mimi kila nikikumbuka jaribio hilo nywele hunisimama.

Sasa, kinachoviamsha ni nini? Homa, jua kali, hedhi, uchovu, mawazo, kinga iliyoshuka. Wewe mwenyewe umenieleza kwamba mwezi huo mama mwenye nyumba alikuwa na wageni, unalala saa nane za usiku na kuamka alfajiri, na kwamba kabla malengelenge hayajatoka ulihisi mchomo na kama sisimizi wakishuka pajani. Hiyo ni neva, Rukia. Virusi vilikuwa vinarudi kwa njia ile ile vilivyopandia, safari hii kuelekea kwenye ngozi. Wapo wanaoishi navyo miaka mingi bila kujua, halafu vikajitokeza mara ya kwanza wakiwa mbali na kila mtu.

Unamkumbuka Bi Zainabu wa nyuma ya msikiti? Mwaka jana alitokwa na mkanda wa jeshi, kuanzia mgongoni ukapita chini ya titi la kulia. Vipele vilifika katikati ya kifua vikakoma, utadhani mtu kapiga rula. Majirani wakawa wanamchungulia kila asubuhi, eti mkanda ukizunguka mwili mzima ukakutana, mtu hufa. Wengine walishaanza kunong'ona kuhusu UKIMWI. Ni kweli mtu mwenye VVU hupata mkanda kwa urahisi zaidi, na kupima ni jambo la busara, lakini Bi Zainabu ana miaka sabini na kitu, na umri peke yake unatosha. Mkanda ni tetekuwanga yake ya utotoni. Virusi vyake ni ndugu wa hivi vyako, na baada ya tetekuwanga kupona hubaki vimelala kwenye mafundo yaliyopangana kandokando ya uti wa mgongo. Fundo moja likiamka, vipele hufuata neva ya fundo hilo tu, na neva ya kulia haivuki kwenda kushoto. Ndiyo maana vilikoma pale. Bahati mbaya alikuja kwangu siku nyingi zimepita, na dawa ya mkanda hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Vipele vimekauka, maumivu yamebaki. Hata kanga ikimgusa hulia.

Nirudi kwako. Asaiklovia uliyopewa ni dawa nzuri, imalize. Ilitoka kwenye maabara aliyofanyia kazi Gertrude Elion, mama aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988 pamoja na wenzake wawili. Ujanja wake ni kwamba haifanyi kazi mpaka kimeng'enya cha virusi vyenyewe, yaani protini yake ya kazi, kiiwashe, kwa hiyo seli zisizo na virusi hazisumbuki sana. Lakini hapo hapo ndipo inaposhindwa: virusi vilivyolala havitengenezi kimeng'enya hicho, basi dawa huvipita. Yeyote atakayekuuzia mizizi au mafuta ya kuving'oa kabisa anakula jasho lako. Ukisumbuliwa mara kwa mara, yapo matumizi ya kila siku ya dawa za jamii hii ambayo hupunguza kutokea kwake, na baadhi yake hupunguza pia uwezekano wa kumwambukiza mwenzako. Mipira husaidia pia, ingawa haifuniki kila mahali.

Kuhusu ushahidi, maana najua ndilo unalolitafuta. Omba kidonda kichukuliwe sampuli ijulikane ni herpesi aina ya kwanza au ya pili, na damu itolewe siku hiyo hiyo kuangalia kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Kingamwili huchukua wiki kadhaa kujengeka. Za aina ile ile ya kidonda zikionekana tayari kwenye damu wakati malengelenge ndiyo kwanza yametoka, maana yake maambukizi ni ya zamani kuliko kidonda. Ila nisikudanganye: hakuna kipimo kitakachoandika mwaka, wala jina la mtu. Kama Baba Amina anangoja karatasi yenye tarehe, hataipata, na wewe usimwahidi.

Na usigeuze kibao ukamwambia ni yeye. Huenda ni yeye, huenda ni marehemu mumeo wa kwanza, Mungu amrehemu. Virusi hutoka kwenye ngozi hata pasipo kidonda, kwa hiyo mtu humwambukiza mwenzake bila hata yeye kujua kama anavyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 500 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana aina ya pili, na wengi wao hawajui. Yeye naye apimwe, na nyote wawili mpime VVU, kwa sababu aina ya pili huongeza hatari ya kuambukizwa VVU karibu mara tatu. Na ukija kupata mimba, mwambie mkunga mapema. Hilo usilifiche hata kwa aibu.

Shemeji yako, mume wangu, kasema yuko tayari kwenda kuongea na Baba Amina kiume, bila wazee, kabla neno halijafika kwa kadhi. Mimi nitakwenda naye nikiwa na maelezo haya haya, lakini sitafungua mdomo bila ruhusa yako. Nijibu kabla ya Ijumaa. Nipigie picha pia zile dawa pande zote mbili za pakiti, nione kama kiwango walichokuandikia kinatosha.

Amina ni mzima. Amepoteza jino la mbele na anakataa kucheka.

Nduguyo,
Mwanaidi