Shukrani kwa kaka aliyeifufua skana yangu

Kaka yangu, uliniomba nisikutaje jina, na sikutaji. Lakini kunyamaza siwezi.

Niliposasisha kompyuta, skana ya kuingizia negativu (filamu za picha za zamani) kwenye kompyuta ikawa kama haijawahi kuwepo. Taa inawaka, mota inanguruma kidogo, programu inasema hakuna kifaa. Mafundi wawili waliniambia imekufa, ninunue nyingine. Na mezani zilibaki negativu za harusi ya wazazi wangu, za milimita 35, vipande vya picha sita sita, vingine vimeshaanza kujikunja.

Wewe hukushika hata bisibisi. Uliuliza swali moja: draiva yake, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitambua skana, ni ya biti ngapi? Kumbe ilikuwa ya 32, na mfumo mpya unapokea za 64 tu. Ukatoa kabatini kompyuta yako ya zamani, ukaweka draiva ile ile ya kwenye CD, waya wa USB ukauchomeka moja kwa moja nyuma ya mashine. Ukaniachia kompyuta hiyo mwezi mzima, na hata shilingi hukupokea.

Picha ya kwanza kutokea ilikuwa ya bibi, anacheka, kanga begani. Mama aliigusa kwa kidole pale kwenye kioo, akakaa kimya muda mrefu.

Ahsante sana, kaka. Mungu akuzidishie.