Msimlaumu mwenye chombo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu mchoro wa Patinir, ule wa mashua inayovusha roho ya mtu aliyekufa, imeniudhi mahali pamoja: pale mwandishi alipomwita mwenye mashua "Ibilisi". Nimevusha watu kati ya Lindi mjini na Kitunda miaka kumi na tisa, kwa kasia na baadaye kwa mashine. Naomba nimtetee mwenzangu.

Yule ni Charon. Wagiriki wa kale waliamini ndiye avushaye wafu mto Styx, na maiti akiwekewa sarafu mdomoni iwe nauli. (Sisi tumekua tukisikia habari za Sirati, daraja, wao walipewa mto. Kule ningeomba kazi.) Patinir, mchoraji wa Antwerp aliyefariki 1524, alimchukua kwa Wagiriki akamtia katikati ya Pepo na Jahanamu za Wakristo.

Mchoro wenyewe, ulioko jumba la makumbusho la Prado, Madrid, ni sentimita 64 kwa 103. Ninyi mmeutoa sawa na kiganja, ikabidi niazime miwani ya mke wangu. Lakini abiria nilimwona. Mdogo kama mtoto, yuko uchi, hana hata kifurushi. Mwandishi anasema bado hajaamua ashukie Peponi au Jahanamu. Ameshaamua! Kushoto malaika yuko juu ya kilima anamwonyesha njia. Yeye uso kaugeuzia kulia, kwenye miti na majani mabichi. Jicho la abiria hushuka kabla ya mguu. Mimi "unashukia wapi?" nilikuwa nauliza kwa adabu tu.

Nyuma ya miti ile kuna Cerberus, mbwa wa vichwa vitatu, kisha moto. Mwandishi anashangaa vipi mtu asiuone. Patinir ametuweka juu, tunatazama kama mwewe. Abiria yuko chini, usawa wa maji, anaona kivuli basi. Mikoko ya ghuba yetu nayo ukiiona kutoka majini utadhani ni pa kupumzikia.

Charon anajua kilichoko, sibishi. Hata mimi nilijua. Kuna kijana aliyetaka nimshushe penye mikoko, maji yanakupwa, akatishe njia. Nikamwambia pale ni tope la magoti. Akanijibu, "Mzee, nauli si nimelipa?" Nikamshusha. Kesho yake asubuhi alikuja pekupeku mpaka nyumbani kwangu, kunidai viatu.

Mvushaji mstaafu,
Kitunda, Lindi