Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale: Watoto wavishike visukuku

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu kutoka Tororo. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotuunganisha sokoni na stendi huku mpakani, na kwa kuwa Baraza la Mawaziri lenyewe liliamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule zetu. Ombi langu ni moja, ila naomba uvumilivu wako nieleze lilikotoka.

Muhula uliopita tuliwapeleka Kampala wanafunzi 52 wa kidato cha pili. Tuliondoka saa kumi alfajiri, safari ya zaidi ya kilomita 200, na ratiba tuliijaza sisi walimu wenyewe: Bunge, uwanja wa ndege wa Entebbe, wanyama wa Entebbe, na katikati ya hayo yote Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kitante. Jumba lililoanza mwaka 1908, kongwe kuliko yote Afrika Mashariki, nasi visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, tukavipa dakika 20. Kosa hilo ni letu, simlaumu mtu mwingine.

Watoto walijipanga safu tatu mbele ya kioo. Walio nyuma waliona visogo vya wenzao. Walio mbele waliinamia madaftari wakinakili maandishi mbio mbio, maana tulishawaambia kutakuwa na ripoti, na wengine waliondoka pale hawajautazama mfupa wenyewe hata mara moja. Hilo linaniuma mpaka leo. Tulipokuwa tukiwahimiza watoke, msichana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, miaka milioni 20, nani alikuwepo akaihesabu?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Mwaka huu wote sijaulizwa swali zuri kama hilo, na dereva alikuwa ameshawasha basi.

Nilimlipa deni lake darasani wiki iliyofuata. Nilianzia mlima Napak, kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, vinakopatikana visukuku vya aina hiyo. Napak tunayoiona leo ni mabaki ya volkano kubwa. Ilipokuwa hai ilitema majivu juu ya misitu iliyoizunguka, na majivu yale yalikuwa na chokaa nyingi. Udongo wa msitu huula mfupa ukaisha, lakini chokaa huutunza, na maji yanayopenya ardhini huacha madini ndani yake kidogo kidogo hadi unakuwa jiwe. Chokaa watoto wangu wanaijua: hii tunayochimba Tororo kwa ajili ya saruji ilitoka tumboni mwa volkano ya ukoo huohuo. Nilipowaambia hivyo, waligeuka wote kutazama dirishani.

Kisha tukaja kwenye hesabu. Jiwe likiyeyuka, gesi ya agoni iliyomo hutoroka. Likiganda, potasiamu ya aina fulani iliyomo huendelea kugeuka polepole sana, sehemu yake ikawa agoni, na safari hii agoni haina pa kutokea. Nusu ya potasiamu hiyo huhitaji miaka bilioni 1.25 kugeuka. Ukiijua kasi hiyo, ukapima agoni iliyokusanyika na potasiamu iliyobaki, utajua lava iliganda lini, na mfupa uliolala kati ya matabaka mawili utajua umri wake. Nilimwambia yule msichana kwamba mtu hakuwepo, ila jiwe lilikuwepo. Akaandika.

Siku hiyo hiyo tulitandaza kamba ya mita 21 uwanjani, kila mita ikiwa miaka milioni moja. Mwisho wa kamba akasimama mvulana aliyekuwa Morotopithecus, sokwe wa kale aliyepatikana Moroto. Watu wa aina yetu, ambao mifupa yao ya zamani zaidi inayojulikana ina umri wa miaka kama 300,000, wakapata sentimita 30 za mwisho. Wakataka kujua Uhuru wa 1962 uko wapi. Tulipiga hesabu: upana wa unywele. Walinyamaza kwa namna ambayo mimi, mwalimu wa miaka mingi, siijui sana.

Mvulana mmoja mkimya wa nyuma akanyosha mkono akasema, "Napak ni kwetu." Amekulia chini ya mlima ule, amechunga mbuzi pale, wala hakuwahi kusikia kwamba una jambo ambalo wataalamu huvuka bahari kulifuata. Anachosikia watu wakisema juu ya Karamoja ni njaa na wizi wa ng'ombe. Kuanzia siku ile wenzake walimfuata wakati wa mapumziko wakimuuliza juu ya mlima.

Alikuja pia mzazi, mtu mzima mwenye heshima zake, kuniuliza kama ninamfundisha binti yake kwamba babu yake alikuwa nyani. Nilimkaribisha kiti. Nikamweleza kwamba sokwe wa kale simwiti babu wa mtu yeyote. Ninachofundisha ni kusoma ushahidi uliomo ndani ya jiwe. Akaomba aione ile kamba. Nilitamani sana siku ile ningekuwa na kitu cha kumwekea mkononi.

Hapo ndipo penye ombi langu, Mheshimiwa. Mwezi wa Julai 2011, wanasayansi Martin Pickford na Brigitte Senut walipata Napak fuvu la Ugandapithecus major, sokwe dume aliyekufa akiwa na miaka kama 10. Kichwa chake kilikuwa na ukubwa wa kichwa cha sokwe mtu wa leo, ubongo wake ukubwa wa ubongo wa nyani. Fuvu hilo lilipelekwa Paris kusafishwa, kwa ahadi ya kurudishwa nyumbani. Halisi likae kabatini, ndipo mahali pake. Lakini nakala yake ya plasta inaweza kwenda popote, na ikidondoka ikavunjika, inamiminwa nyingine.

Tena yapo mambo ambayo jicho haliyapati kupitia kioo. Magego ya Morotopithecus yana kingo za kukatia majani. Ni meno hayo, pamoja na udongo na mimea ya kale ya Moroto, yaliyowafanya watafiti watangaze mwaka 2023 kwamba sokwe huyo aliishi miaka milioni 21 iliyopita penye miti iliyoachana na nyasi katikati, akila majani, wakati wengi waliamini masokwe wa enzi hizo waliishi msitu mnene wakila matunda. Mtoto akipitisha kidole juu ya gego lile, halafu akapitisha ulimi juu ya magego yake mwenyewe, ameshaanza kufanya kazi ileile ya watafiti. Nimejaribu kwa njia yangu: tulikandamiza magamba ya konokono kwenye udongo wa mfinyanzi, tukamimina plasta ya dukani. Napak pia kuna visukuku vya konokono wa nchi kavu. Plasta yetu ilitoka na mapovu, na bado waligombania kuishika.

Naomba basi wizara yako itengeneze masanduku ya nakala: fuvu la Napak, taya na magego ya Moroto, konokono, na kipande kimoja cha jiwe la majivu ya volkano. Ndani yake kiwemo kijitabu cha Kiswahili chenye maswali ya kumfanya mtoto atazame, apime na kulinganisha, pamoja na onyo la wazi kwamba anayeona mfupa wa jiwe mlimani asiuchimbe, auache ulipo na kutoa taarifa. Masanduku yakae katika makumbusho ya Kampala, Soroti na Moroto. Shule inayokwenda ziara iazimwe sanduku wiki moja kabla, ili watoto wafike mbele ya kioo wakiwa na maswali tayari. Shule isiyo na nauli ya basi iazimwe hivyo hivyo.

Muhula ujao ninapokea darasa jipya la kidato cha pili. Ratiba ya ziara nimeshaibadilisha: uwanja wa ndege nimeuondoa, makumbusho nimeyapa saa tatu. Sanduku likiwa tayari, nitalifuata mwenyewe Soroti siku ya Jumatatu na kulirudisha Ijumaa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa biolojia, Tororo