Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2024: Petroli, Betri na Yadi Yenye Soketi Ndogo

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa wakata nyasi wa Houston, Texas,

Mkutano wetu wa mwaka jana ulikwama kwenye swali moja hadi mwenye ukumbi akaja kuzima taa: mfuko wa vifaa uendelee kununua mashine za kukatia nyasi za kukalia zinazotumia petroli, au tuhamie kwenye za umeme? Mliniagiza nirudi na jibu. Mengine ya mwaka nitayataja kwa ufupi, kwa sababu mengi yako kwenye kitabu cha mweka hazina na ameshawagawia.

Nianze na uvumi. Ile video iliyozunguka kwenye kundi letu la WhatsApp, kwamba serikali inakuja kukusanya mashine za petroli, iliwanyima baadhi yenu usingizi. Ukweli ni huu. Mwaka 2021 Gavana Gavin Newsom wa California alitia saini sheria ya AB 1346, na kwa kanuni zilizofuata, injini ndogo mpya za bustani zinazotengenezwa kuanzia 2024 kwa ajili ya soko la jimbo lile zinatakiwa zisitoe moshi kabisa. Hata huko hakuna aliyenyang'anywa: mashine uliyonayo unaendelea kuitumia. Injini inayozidi nguvu za farasi 25 haimo kwenye kanuni hiyo, na wengi wenu mnajua mashine zetu kubwa ziko karibu na mpaka huo au zimeuvuka. Sisi tuko Houston. Bunge la Texas lilipitisha mwaka 2023 sheria inayokataza miji kupiga marufuku injini kwa sababu ya nishati inayotumia. Kwa hiyo hapa hatulazimishwi na mtu, na hesabu tunayoifanya ni ya mifuko yetu na miili yetu wenyewe.

Mwezi wa Mei muuzaji mmoja alituazima kwa wiki mbili mashine ya umeme ya upana wa inchi 60, yenye betri ya uniti 16. Uniti ni zile zile za LUKU na za tokeni za Kenya, hazibadiliki kwa kuvuka bahari. Wiki ya kwanza ilikuwa kavu. Tuliipeleka makaburini, kwenye bermuda, nyasi ambayo si nyingine bali ukoka wetu wa nyumbani, nao ulikuwa mfupi. Ilifanya kazi saa tano na chaji ikabaki. Vijana walirudi wakiisifu kama bi harusi.

Wiki ya pili ikanyesha siku tatu mfululizo. Tulipoipeleka kwenye uwanja wa kanisa wenye nyasi za aina iitwayo St. Augustine, zimefika kifundo cha mguu na bado zina maji, betri iliisha kabla ya kutimiza saa tatu za kazi. Kijana aliyekuwa juu yake alipunguza mwendo ili aifikishe kwenye trela, na kipande cha nyuma ya kanisa kikamaliziwa na mashine namba 2 ya petroli. Mimi sikushangaa. Nyasi mbichi inakula nguvu, iwe ya petroli au ya betri. Tofauti ni kwamba petroli ikiisha unamimina dumu na kuendelea, lakini betri haina dumu.

Gharama sasa. Bei tulizopewa zilikuwa takriban dola 13,000 kwa ya petroli na 25,000 kwa ya umeme, zote za kazi ya biashara na za upana ule ule. Tofauti ni dola 12,000. Petroli tukiihesabu dola 3 kwa galoni, na mashine ikinywa galoni moja na robo kwa saa, hiyo ni dola 3.75. Ya umeme, kwa wastani wa wiki zetu mbili, ilikula uniti 4 kwa saa. Kwa senti 15 kila uniti ni senti 60. Ongeza oili ya kila saa 100, vichujio, plagi na mikanda, ambavyo ya umeme haina. Visu vya zote mbili vinanolewa sawa, asije mtu akadanganywa. Mweka hazina alipiga na kurudia, akapata kwamba ya umeme inatuokolea kama dola 4 kwa kila saa ya kazi.

Kwa hiyo tofauti ya bei inarudi baada ya saa 3,000. Anayekata saa 1,000 kwa mwaka anairudisha kwa miaka mitatu. Anayekata saa 500 anangoja sita, na huyo simshauri, kwa sababu sijaona mashine ya umeme ya kazi yetu iliyofika umri huo ikiwa na betri yake ya kwanza. Hesabu hii haina riba. Ukiichukua kwa mkopo wa muuzaji, iongeze mwenyewe kabla hujatia saini. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Hapo ndipo kamati ilipoanza kuacha kuuliza mashine ipi ni bora, ikauliza ni ruti ya nani. Kati yetu kuna wanaopita nyumba kumi na tano kwa siku, kila moja na geti lake la kwenda uwanja wa nyuma. Mashine ya inchi 60 haipiti kwenye mageti mengi ya aina hiyo, iwe ya umeme au ya petroli, na saa zao za kukalia mashine ni chache kuliko wanavyodhani. Muda mwingi wanashika mashine ya mkononi inayokata kwa kamba na ile ya kupuliza majani. Na kuna wachache wenye mikataba ya maeneo makubwa, ambao wanapanda mashine asubuhi na kushuka mchana. Hesabu ya saa 3,000 ni ya hawa wa pili.

Kisha tukagonga ukuta wa yadi yetu. Soketi zilizopo ni za volti 120. Soketi ya kawaida ya hapa haifai kubebeshwa zaidi ya ampea 12 kwa muda mrefu, yaani chini kidogo ya uniti moja na nusu kwa saa. Betri ya uniti 16 inahitaji kama saa kumi na mbili. Ukiichomeka saa moja jioni, inajaa saa moja asubuhi, wakati trela inatakiwa kuwa barabarani. Tulipochomeka na jiko la chai kwenye laini hiyo hiyo, breka ikaruka usiku na asubuhi tukakuta nusu chaji. Aliyechomeka jiko anajijua, nami nimemsamehe. Soketi ya volti 240 na ampea 30 ingemaliza tatizo kwa saa tatu hivi, kama chaja ya mashine inaipokea. Mwenye yadi hakatai, ila gharama ya fundi na kibali iwe yetu, na tukihama tunaiacha.

Joto pia tulijifunza. Betri za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa ndani ya trela iliyofungwa mwezi wa Agosti. Petroli nayo haipendezi humo, lakini dumu la petroli halina bei ya pikapu kuukuu.

Tarehe 8 Julai kimbunga Beryl kilipita, na zaidi ya wateja milioni mbili wa eneo letu wakakosa umeme, wengine kwa siku nyingi. Zilikuwa siku za kazi nyingi kuliko zote za mwaka. Mwanachama mmoja aliniambia, "Mwenyekiti, ungetununulia za betri tungekuwa tumekaa barazani." Ni kweli, ingawa vituo vingi vya petroli navyo havikuwa na umeme wa kuendesha pampu. Tuliokolewa na madumu tuliyojaza siku mbili kabla.

Upande wa masikio nitasema kama mtu binafsi. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanashauri kelele zisizidi desibeli 85 kwa kazi ya saa nane. Mashine zetu za petroli, kwenye sikio la dereva, zinapita hapo. Mke wangu anasema nyumbani nazungumza kama dalali mnadani. Zile wiki mbili za Mei, kijana aliyekuwa makaburini alisikia mazishi yanaanza ng'ambo ya pili na akazima mashine mwenyewe. Msimamizi wa makaburi aliona hilo. Mwezi wa Oktoba alitupa mkataba wa miaka mitatu, kwa sharti la mashine isiyo na kelele, na akatupa banda lenye soketi ya volti 240.

Kamati inapendekeza mfuko ununue mashine moja ya umeme, ilale makaburini, na moja ya petroli kwa ruti za nyumba. Katibu anapinga. Anataka tusubiri miaka miwili bei ishuke, na ameomba pingamizi lake liandikwe, nimeliandika. Mtapiga kura leo.

Mengine: tumepokea wanachama wapya wanne, wawili kutoka Bukavu, mmoja Mombasa, mmoja Kigoma. Tulichangia msiba mmoja. Kabureta mbili ziliharibika. Nawaomba tena msijaze petroli ya pampu yenye kibandiko cha rangi ya chungwa cha E15, yaani iliyochanganywa ethanoli hadi asilimia 15, hairuhusiwi kwa injini hizi. Ada ya mwaka inabaki ile ile.

Na ufunguo wa mashine namba 3 haujarudi tangu Novemba. Aliye nao auweke mezani kabla ya chai.