Mdogo wangu, pete yako bado iko kwangu

Mdogo wangu,

Mama ndiye aliyeniambia, tena kwa kuponyokwa, Jumapili tukichambua managu. Kwamba mnataka kujaribu tena kupata mtoto, na kwamba usiku hulali. Jioni hiyo nilishika simu mara tatu nikaiweka. Tangu uhamie Kisumu tunasalimiana sikukuu kwa sikukuu, na salamu zenyewe ni za kuulizana mvua. Kwa hivyo nakuandikia hapa mtandaoni, ambapo najua hupita usingizi ukikukataa.

Ile Alhamisi unaikumbuka. Ulikaa kwenye ngazi ya jikoni, hapa Free Area, ukaninyoshea mkono, pete haitoki. Nikaleta beseni na sabuni ya kipande. Tukasugua, tukavuta, ukapiga mayowe, nami nikacheka. Wewe pia ulicheka, jamani, wewe pia. Nikasema, "Huyo ni dume, anakunywa maji yako yote." Uso ulikuwa umeumuka kama andazi. Pete ilipotoka ukaniambia kichwa kinakugonga tangu jana na macho yanaona vimulimuli. Nikakupa dawa ya kichwa, nikakuambia ulale, jua la Nakuru siku hizi ni kali. Jumamosi alfajiri nilikukuta sakafuni, mwili unatupatupa, povu mdomoni: kifafa cha mimba.

Mimba ilikuwa ya wiki 31. Binti yetu aliishi siku mbili katika chumba cha watoto njiti. Na siku ya mazishi, viti vya kukodi vikiwa bado uani, ulinigeukia mbele ya shangazi zetu ukasema, "Ulicheka." Basi. Hukuongeza neno, na tangu siku hiyo hujaongeza.

Mimi nimezaa watatu, na mimba zote tatu miguu ilivimba mpaka viatu vikanikataa. Nani aliwahi kuniambia kwamba miguu ni jambo moja, na uso na vidole kuvimba ghafla ni jambo jingine? Nilikushauri kwa nilichokijua. Nawe kliniki ulikuwa umeiruka mara mbili. Kijitabu chako cha kliniki nilikikuta kwenye mkoba, baadaye, wakati hakuna tena wa kukipeleka: pale pa presha palikuwa pamejazwa mara mbili tu. Sisemi hivi kukulaumu. Au tuseme ukweli, nakulaumu kidogo, kwa sababu mzigo huu nimeubeba peke yangu mpaka bega likaingia shimo.

Tangu hapo nimeuliza kila muuguzi aliyekubali kunisikiliza. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na mkojo ukionyesha protini, hiyo tayari ni hatari: ndiyo wanayoiita pre-eclampsia, presha ya mimba inayoweza kuleta kifafa. Ikigonga 160 kwa 110, hapo ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo. Kichwa kisichosikia dawa, vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia: vyote vilikuwa vinatuita, na mimi nikakuambia ulale. Na shida yenyewe huanzia mbali, kwenye kondo la nyuma, mishipa yake isipojengeka sawasawa miezi ya mwanzo. Kwa hiyo wale wa upande wa bwana yako waliosema ni jicho la mtu, waache. Na kicheko changu pia hakikuleta kifafa, mdogo wangu. Tulichopoteza ni zile siku mbili, ambazo ndani yake tungekuwa tumeshafika hospitali. Hizo ndizo ninazozijibia.

Itarudi? Najua ndilo swali linalokukesha. Kati ya wanawake sita waliopatwa na pre-eclampsia, takriban mmoja hupatwa tena. Lakini mimba ikiwa iliishia kabla ya wiki ya 34, kama yako, huwa takriban mmoja kati ya watatu. Sitakupunguzia hesabu ili ufurahi. Ila wawili kati ya hao watatu hupita salama, na safari hii utaingia ukiwa unajulikana, si kama ile siku tuliyofika mlangoni na kila mtu akauliza upya umri wako.

Nenda kwa daktari kabla ya mimba, usingoje. Beba zile tembe zako za presha. Kama ni enalapril, mjamzito haimfai, inadhuru mtoto. Watakubadilishia, zipo methyldopa, labetalol na nifedipine. Kisha uliza kuhusu aspirini ya kiwango kidogo, ile ya miligramu 75, ambayo wenye historia kama yako huanzishwa karibu na wiki ya 12. Wengine huongezewa kalsiamu, maana ugali na sukuma haviitoshelezi. Lakini uandikiwe na daktari, usijinunulie duka la dawa la njiani kwa kusikia kwangu. Kwa kusikia kwangu tumeshaumia mara moja.

Na ukiogopa, sema. Hilo ndilo linaloniuma hata leo: Mama ana miaka sabini, ndiye unayemlilia usiku, nami dada yako niko hapa, gari la Kisumu hupita Kericho na kufika hata saa nane za usiku. Ungenipigia ningepanda. Au ulidhani nitacheka?

Nimenunua kipimo cha presha, kile cha kufunga mkononi, na betri nne. Kesho nakiweka kwenye gari. Upime asubuhi na jioni, umekaa, mgongo umeegemea, na uniandikie hizo namba mbili. Si lazima uandike kingine.

Pete iko kwenye kile kikombe cha bati, juu ya kabati, pamoja na funguo za zamani. Sijathubutu kuitoa. Ina mabaki ya sabuni ndani, yamekauka. Hiyo sitaiweka kwenye gari, mdogo wangu. Hiyo uje uichukue mwenyewe.