Risala ya Wafugaji Kuku wa Ruai kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwakilishi wa Wadi yetu, Bwana Mwenyekiti, maafisa wa mifugo, wazee wetu, kina mama na vijana: hamjambo nyote.

Kwa niaba ya wafugaji wenzangu nakukaribisha Ruai, siku hii ya kufungua banda letu la kutotolesha vifaranga. Tunashukuru kwamba umekubali kuja.

Sisi ni majirani, wengi wetu kina mama, na tunafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Kilichotukutanisha ni hasara ya majogoo. Mtu ananunua vifaranga wa siku moja akiambiwa wote ni mitetea. Anawawekea joto, anawachanja, anawanunulia unga. Zikifika wiki saba au nane, upanga unaanza kuwa mwekundu kwenye vichwa vya wengi wao, na baadaye banda linawika. Katika ploti ya hamsini kwa mia, yenye wapangaji mbele na kuku nyuma, jogoo asiyetarajiwa amekula chakula cha mtetea, amekalia nafasi yake na kuwaamsha majirani kabla ya alfajiri.

Mheshimiwa, dawa ya tatizo hili iko kwenye rangi ya kifaranga. Kwa kuku, anayeamua jinsia ya mtoto ni mama. Jogoo ana kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, mbili za Z. Jike ana Z moja na W moja. Mama humrithisha mwanawe wa kiume Z hiyo, na binti humpa W. Jeni, yaani kipande cha urithi, inayoleta milia ya kuku wa Plymouth Rock imekaa kwenye Z. Kwa hiyo tukimweka jogoo mwekundu wa Rhode Island Red na majike wa Plymouth Rock wenye milia, madume wote hurithi milia ya mama na mitetea huikosa. Wakianguliwa, wote huwa weusi, ila dume ana doa jeupe utosini. Weupe wa tumboni au kidevuni usimhadae mtu. Tunatazama utosi tu. Wakikua, madume hutoka na milia, nao mitetea huwa weusi, mara nyingi wakiwa na wekundu shingoni.

Wanachama wapya nawaomba mlishike hili: ukigeuza wazazi, jogoo awe wa milia na majike wawe wekundu, vifaranga wote hupata doa na hutajua nani ni nani. Vilevile ukiwazalisha machotara hawa wao kwa wao, kizazi kinachofuata huwa na milia kwa madume na kwa majike, na alama yetu imepotea. Ndiyo maana lazima mbegu zote mbili zitunzwe safi, kila moja kwenye banda lake, mwaka baada ya mwaka.

Iko njia nyingine, na kwa kweli ndiyo tunayoitamani zaidi. Watoto wetu wanaosoma Biolojia huchora mraba wa Punnett, ile chati ya kukadiria mtoto atarithi nini kwa wazazi. Mwanasayansi Punnett huyo huyo na mwenzake Michael Pease walifanya kazi na kuku huko Cambridge, Uingereza, wakazalisha aina ambazo jinsia hujulikana kwa rangi kizazi hadi kizazi bila kuchanganya mbegu upya. Mojawapo ni kuku aitwaye Legbar. Dume ana jeni mbili za milia, kwa hiyo huanguliwa akiwa amepauka. Jike ana moja tu, naye huwa na rangi iliyokolea na mistari iliyo wazi mgongoni. Mfugaji mwenye kundi moja kama hilo hahitaji kurudi kwa mwuzaji kila msimu.

Kuhusu madume, msimamo wetu ni mmoja. Katika viwanda vingi duniani, vifaranga dume wa kuku wa mayai huuawa siku wanayoanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 2022. Sisi hatutawaua. Tutawatenga mapema na kuwauza kwa wanaofuga majogoo wa nyama, na atakayewanunua atajua anachonunua.

Mheshimiwa, tuna maombi. La kwanza na kubwa kuliko yote ni mbegu safi. Tufungulie mlango kwa watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Naivasha na wa Chuo Kikuu cha Nairobi kule Upper Kabete, watushauri tutawapata wapi wazazi halisi na tutawakaguaje kabla ya kulipa. Bila wao, mashine tunayoizindua leo itatutotolea kubahatisha kulekule.

La pili ni umeme. Mayai hukaa kwenye mashine siku 21, kwenye joto la nyuzi 37.5 hivi, na stima ikipotea usiku kucha kazi yote inaweza kuharibika. Tunaomba msaada wa sola na betri. Tunaomba pia friji ndogo ya chanjo ya Newcastle, ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri, na mwongozo wa kupata kibali chini ya sheria ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu kilimo cha mjini, ili kila mwanachama afuge bila hofu.

Sasa tunakuomba uingie bandani, unawe mikono na kukanyaga dawa mlangoni kama sisi sote, kisha utuchagulie mitetea wa kwanza.

Ahsante sana.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wafugaji kuku wa Ruai, Nairobi.